Barua ya wazi kwa wakuu wa kampuni za simu: mteja asisimulie shida yake mara tano

Kwa wakurugenzi wakuu wa kampuni za simu, pamoja na wakuu wa mauzo, wa huduma kwa wateja na wa mifumo,

YAH: MIFUMO YA MAUZO NA YA USIMAMIZI WA WATEJA

Ndugu wakuu,

Kwa miaka 9 nimekaa na hedifoni kichwani nikipokea simu za wateja. Vikao vya bodi sivijui, wala sijui mnavyovutana juu ya bajeti. Ninachokijua ni ile sekunde ya kwanza mteja anaposema "halo" na mhudumu akaitazama skrini. Hapo ndipo fedha zote mlizotumia kwenye mifumo hupimwa. Ama skrini inamwonyesha mhudumu mtu anayeongea naye, ama haimwonyeshi, na mteja hutambua mara moja ni lipi kati ya hayo mawili.

Nianze na mama mmoja.

Alipiga simu akiongea polepole, sauti ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. Alitaka laini ya mumewe ifungwe. Mumewe alikuwa amefariki wiki 6 kabla, na kwa kuwa laini ilikuwa ya malipo ya kila mwezi, bili ziliendelea kuja kwa jina la marehemu. Nikamwambia, "Pole sana, mama." Kisha nikaanza kuuliza maswali kama mfumo ulivyoyapanga: jina kamili la mwenye laini, tarehe yake ya kuzaliwa, na je, mwenye laini yupo karibu athibitishe? Swali hilo la mwisho lilikuwa limeandikwa mbele yangu, nikalisoma kabla akili haijanishtua. Akanyamaza. Halafu akasema, "Mwanangu, wewe ni wa tano kuniuliza hivyo."

Alikuwa ameshapiga mara nne, na mara zote nne alianza upya: ugonjwa, hospitali, msiba. Cheti cha kifo alikipeleka mwenyewe kwenye duka la kampuni, kikatolewa nakala, na nakala ikaingizwa kwenye mfumo wa maduka. Mimi sikuwa na ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wa maduka. Nilikuwa na madirisha sita: la utambulisho, la bili, la laini, la oda, la ofa na la malalamiko. Namba ya marehemu niliinakili kutoka dirisha moja nikaibandika kwenye lingine, kisha lingine, huku mama akisubiri na kusikiliza kibodi ikigongwa. Kwenye dirisha la malalamiko, kichupo cha tatu, nikakuta maneno ya mwenzangu aliyepokea simu ya kwanza. Aliyaandika kwa herufi kubwa: "MTEJA AMEFARIKI. MPIGAJI NI MKEWE. CHETI KIPO. USIMUULIZE TENA."

Mwenzangu huyo alitimiza wajibu wake wote. Ila kichupo kile hakijifungui chenyewe, na mhudumu mwenye simu 30 kwenye foleni hana muda wa kupekua kichupo cha tatu cha dirisha la sita.

Laini tukaifunga. Mfumo ukanidai sababu ya kusitisha, nikapewa orodha nichague: gharama, mtandao hafifu, amehamia kampuni nyingine, nyinginezo. Kifo hakikuwemo. Nikachagua "nyinginezo". Zikapita siku chache, mama akapiga tena, na simu ikaniangukia mimi. Kwenye namba yake yeye, iliyosajiliwa kama namba mbadala ya mumewe, ulikuwa umeingia ujumbe unaomtaja marehemu kwa jina: tumekukumbuka, rudi kwetu, tutakupa data maradufu kwa miezi mitatu. Mfumo wa kampeni ulikuwa umechukua orodha ya wote waliositisha laini mwezi ule, ukawatumia ujumbe mmoja mmoja. Ulifanya kazi kama ulivyoagizwa. Na jioni ya siku ile ile tulipofunga laini, alikuwa ametumiwa dodoso: kwa kipimo cha 0 hadi 10, je, ungependekeza kampuni yetu kwa rafiki?

Simwandiki mama huyu ili niwaaibishe. Sikuona mtu hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya katika mkasa wake. Wahudumu watano walikuwa waungwana, duka lilipokea cheti, watu wa kampeni walituma ofa nzuri, na watu wa utafiti waliuliza swali lao. Kila idara ilimhudumia kipande chake, na mtu mzima hakuwa na pa kuonekana. Haya si mambo ya tabia za wahudumu. Mafunzo ya kutabasamu kwenye simu hayawezi kuyaponya.

Chanzo chake ni cha zamani. Mifumo hii tunayoiita ya kusimamia wateja ilizaliwa kwa ajili ya muuzaji. Siebel Systems ilianzishwa mwaka 1993 ikiwa na programu ya kuwasaidia maofisa mauzo kufuatilia wateja watarajiwa. Salesforce ikaja mwaka 1999 huko San Francisco na kuipeleka kazi hiyo kwenye intaneti, na jina lake lenyewe linataja jeshi la mauzo. Huduma kwa wateja iliongezwa baadaye. Si kosa la walioibuni, kwani muuzaji naye alihitaji kumbukumbu. Lakini mpaka leo ukiufungua mfumo wa kampuni nyingi za simu, jambo la kwanza kwenye ukurasa wa mteja ni nini anaweza kuuziwa, na jambo la mwisho ni nini kinamsumbua. Mpangilio wa skrini ni uamuzi, na uamuzi huo unapitishwa na ninyi.

Foleni nayo ina historia yake. Mdenmark Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika Kampuni ya Simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 hesabu za jinsi simu zinavyoingia kwenye ubao wa kuunganishia, na mwaka 1917 akatoa kanuni za muda wa kusubiri. Zamu zetu sisi wahudumu bado zinapangwa kwa msingi wa kanuni hizo. Ni hesabu ninazoziheshimu sana. Lakini zinachukulia kwamba kila simu ni tukio jipya lisilohusiana na lililotangulia. Kwa hesabu hiyo, simu tano za mama yule ni mahitaji ya watu watano. Kampuni inaona simu zimeongezeka, inaajiri wahudumu zaidi au inaongeza menyu ya "bonyeza moja, bonyeza mbili", kumbe anayepiga ni mtu mmoja anayerudi na shida ile ile. Mfumo wa wateja ukiunganishwa na foleni ndio unaoweza kusema: simu hizi tano ni jambo moja, na halijaisha.

Hapo ndipo naiona thamani ya teknolojia hii kwa mteja. Mnapozungumzia thamani, mara nyingi mnamaanisha mapato kwa kila laini. Mteja yeye ana hesabu nyingine: nimesubiri kwa muda gani, nimeeleza mara ngapi, nilichoahidiwa ndicho nilichopata?

Hilo la ahadi nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu ndilo lililonila muda mwingi kuliko yote. Chukueni mtu anayenunua intaneti ya nyumbani. Muuzaji anamwambia atapata kasi fulani, kwa bei fulani, na fundi atakuja Alhamisi. Ili maneno hayo yawe kweli, mambo manne lazima yajibiwe na mifumo kabla muuzaji hajafungua mdomo. Je, waya au mawimbi yanafika nyumba ile? Je, kwenye kisanduku cha mtaani ipo nafasi ya kuunganisha mtu mwingine? Je, kuna fundi siku hiyo? Na je, bei anayoitaja muuzaji ndiyo iliyomo kwenye mfumo wa bili? Majibu yakipatikana papo hapo, Alhamisi fundi anagonga mlango. Yasipopatikana, oda inaondoka kwa muuzaji ikiwa na jina moja la kifurushi, inafika kwenye bili ambako kifurushi hicho kina jina jingine, na inakwama. Sisi tuliziita oda zilizolala. Kulikuwa na mtu wa kuziamsha, kazi yake kutwa kunakili kwa mkono kutoka mfumo huu kwenda ule, na alipokuwa likizo zililala kweli kweli. Mteja hajui lolote la haya. Amechukua ruhusa kazini, amekaa nyumbani Alhamisi nzima akichungulia dirishani, na fundi anayemngoja hajawahi kuambiwa kwamba mtu huyo yupo duniani.

Dawa yake ni orodha moja ya bidhaa inayosomwa na wote: duka, kituo cha simu, programu ya simu ya mkononi na bili. Si jambo la kubuni leo. Chama cha kimataifa cha sekta yenu, TM Forum, kimeshachapisha viunganishi vya wazi vya kuiwezesha mifumo ya wazalishaji tofauti kuzungumza: TMF620 kwa orodha ya bidhaa, TMF622 kwa oda, TMF621 kwa tiketi za hitilafu, yaani kumbukumbu za shida zilizoripotiwa. Wahandisi wenu wanavijua. Mkiambiwa kwamba mifumo haiwezi kuongea, ulizeni nani hataki iongee, maana mara nyingi nimeona idara inayoshikilia orodha yake kama mtu anayeshikilia hati ya shamba.

Hitilafu za mtandao nitazipita haraka, maana jibu lake liko wazi. Mnara ukizimika, kituo cha usimamizi wa mtandao kinajua ndani ya dakika chache. Mfumo wa wateja unajua ni nani hutumia mnara huo. Unganisheni hivyo viwili, mteja apate ujumbe kabla hajapiga: tunajua, mafundi wako njiani, tutakujulisha ukiwaka. Nimewahi kupokea zaidi ya simu 60 kwa zamu moja kuhusu mnara mmoja, nikiwaambia wote wazime simu na kuziwasha tena, kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi kwamba mnara umelala.

Sasa niseme kuhusu ubashiri, hizi algoriti zinazomwambia mhudumu "mpe mteja huyu ofa hii". Mteja alipopewa haki ya kuhama na namba yake, Singapore ikitangulia mwaka 1997, Uingereza ikafuata mwaka 1999, na Marekani kwa simu za mkononi mwezi Novemba 2003, kampuni zilianza kuogopa kuhamwa. Zikanunua mifumo ya kubashiri nani anataka kuondoka, ili apewe punguzo kabla hajaondoka. Matokeo yake niliyaona kwenye skrini yangu kila siku. Anayepiga akitishia kuhama anafunguliwa sanduku la ofa. Mzee aliyekaa nasi miaka 12 bila neno, anayelipa kila tarehe mosi, anabaki na kifurushi cha zamani kilicho ghali kuliko kinachouzwa kwa mgeni. Skrini inajua. Mimi najua. Yeye peke yake ndiye asiyejua, na nilikuwa sina ruhusa ya kumwambia asipouliza.

Jambo hilo liliniumiza zaidi ya matusi yote niliyotukanwa.

Na linaweza kugeuzwa. Uingereza, shirika la Citizens Advice lilipeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka ya ushindani mwezi Septemba 2018 kuhusu wateja waaminifu kutozwa zaidi, simu na intaneti zikiwemo. Kisha mamlaka ya mawasiliano, Ofcom, ikaagiza kwamba kuanzia tarehe 15 Februari 2020 kampuni zimjulishe mteja siku 10 hadi 40 kabla mkataba wake haujaisha, zimwambie atalipa kiasi gani akibaki kimya, na zimwonyeshe ofa bora walizo nazo. Angalieni ni teknolojia gani iliyotumika: tarehe ya mkataba, kifurushi, bei, ujumbe wa kujituma. Ni vitu vile vile vya mfumo wa mauzo, ila vimeelekezwa kwa mteja. Msisubiri mamlaka zenu ziwaagize. Mfumo unaoweza kujua kwamba mtu atahama wiki ijayo unaweza pia kujua kwamba mtu hatumii hata nusu ya data anayoilipia, ukamwambia.

Ninajua kuna mtakaosema kuunganisha mifumo ni hatari. Ni kweli, tena ninayo sababu ya kuliunga mkono hilo. Mwezi Oktoba 2016 Ofcom iliitoza Vodafone ya Uingereza faini ya pauni milioni 4.6. Kampuni ilikuwa ikihamisha akaunti zaidi ya milioni 28.5 kutoka mifumo saba ya zamani ya bili kwenda mmoja mpya. Katika kuhama huko, wateja 10,452 wa malipo ya kabla waliongeza salio, fedha zikachukuliwa, salio lisiingie. Hali hiyo iliendelea kwa miezi 17, na hasara yao ilifika pauni 150,000. Sehemu ya faini ilitokana na jinsi malalamiko yalivyoshughulikiwa: wahudumu hawakuwa na mwongozo wa kutosha wa kutambua kwamba lililopo mbele yao ni lalamiko.

Wenzangu wengi wanaisoma habari hiyo kama onyo la kutogusa mifumo ya zamani. Mimi naisoma hivi: gawanyeni fedha hizo kwa watu 10,452, inatoka kama pauni 14 kwa mtu. Kiasi kidogo. Mtu wa pauni 14 hapigiwi kelele na ripoti yoyote ya mapato. Aliyemsikia kwanza ni mhudumu, siku ya kwanza, mwezi wa kwanza. Kama maneno ya mhudumu yangekuwa na njia ya kupanda juu, kama malalamiko yanayofanana yangekusanywa na mfumo na kumfikia mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi, isingechukua miezi 17. Kabla hamjahamisha data ya mteja hata mmoja, tengenezeni kwanza njia hiyo.

Jambo jingine la tahadhari. Ukurasa mmoja unaoonyesha kila kitu cha mteja ni mlango mmoja wa kuyaiba yote. Mwaka 2015 AT&T ilikubali kulipa dola milioni 25 kwa tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, baada ya wafanyakazi wa vituo vya simu Mexico, Colombia na Ufilipino kuchungulia taarifa za wateja wapatao 280,000 bila idhini. Kwa hiyo ninaposema mhudumu amwone mteja mzima, simaanishi aone kila kitu. Aone shida iliyopo, ahadi zilizotolewa na hatua iliyofikiwa. Namba ya kitambulisho haina haja ya kusomeka yote, wala orodha ya watu aliowapigia haimhusu mhudumu. Na kila anayefungua ukurasa aache alama ya jina lake na saa.

Mnaulizana sasa kama akili mnemba itachukua nafasi yetu. Nawasihi mfikirie hivi: mkiipa mashine yale madirisha sita, itamwuliza mjane kama mwenye laini yupo karibu, na itamwuliza kwa kasi kubwa kuliko mimi. Mkiipa kumbukumbu iliyounganishwa, itasaidia kweli kweli, na sisi tutabaki na zile simu zinazohitaji mtu.

Nabakiza vipimo, kwa sababu ndivyo vinavyoongoza mkono wa mhudumu. Nilipimwa kwa wastani wa muda wa simu. Dakika zikizidi, jina langu linawaka jekundu ubaoni. Nilijifunza haraka kwamba kumwambia mteja "jaribu tena kesho" kunaokoa dakika 4 zangu na kumpotezea yeye siku nzima. Pimeni badala yake ni shida ngapi zimeisha kwenye simu ya kwanza, na muione kwa macho ya mteja: je, alipiga tena ndani ya wiki kwa jambo lile lile? Mfumo wa wateja ndio pekee unaoweza kulijibu swali hilo, nanyi mnao tayari. Yale madodoso ya 0 hadi 10, yaliyoenea tangu mshauri wa biashara Fred Reichheld alipoyapendekeza katika jarida la Harvard Business Review mwaka 2003, yabaki kama mnayapenda, lakini yasitumwe kwa mtu ambaye tiketi yake bado iko wazi. Wala kwa mtu aliyetoka kufunga laini ya marehemu.

Sitegemei mbadilishe yote mwaka huu. Naomba mambo mawili yanayoweza kuanza Jumatatu. La kwanza, ongezeni "mteja amefariki" kwenye orodha ya sababu za kusitisha laini, na likichaguliwa, jina hilo litoke kwenye kila orodha ya kampeni, ya ofa na ya dodoso, na simu za ndugu zake ziende kwa mhudumu mmoja anayejulikana kwa jina hadi mambo yaishe. La pili, lile sanduku la maelezo lililo kwenye kichupo cha tatu lipandisheni juu kabisa ya skrini, juu ya ofa, lijifungue lenyewe simu inapoingia. Nilimwuliza fundi wa mfumo wetu kazi hiyo ni ya muda gani. Aliniambia siku 2, na kwamba hajawahi kuagizwa kuifanya.

Wenu katika huduma,

Mhudumu wa zamani wa kituo cha simu